Gesi, argoni au CO2: uanze na ipi kujifunza kuchomelea mabomba ya ndege ya kujiundia

Ukuta wa bomba lile ulikuwa na unene wa milimita 0.9. Mabati ya magari niliyoyaziba gereji kwa miaka mingi hayapishani sana na hapo, kwa hiyo nilidhani kazi ile ni rahisi kama kunywa maji. Nilikuwa kwenye banda la jirani yangu hapa Wisconsin, mzee anayejiundia ndege ya viti viwili, mwaka wa sita sasa. Nikawasha CO2, ile mashine ya umeme ya gereji inayosukuma waya yenyewe, nikaunga bomba kwa bomba kwa umbo la T, nikakigeuza kile kiungo huku na huku: mshono laini, wenye magamba kama ya samaki. Mzee hakusema neno. Alikibana kwenye jiliwa, akakipasua katikati kwa msumeno wa chuma, akanionyesha upande wa ndani. Mshono wangu ulikuwa umekaa juujuu kama uji ulioganda kwenye ukingo wa sufuria. Chini yake, ule mstari mweusi ambapo bomba moja lilikuwa limeegemea jingine bado ulikuwepo, mzima, kana kwamba sikugusa kitu.

Tangu siku ile nimefanya mazoezi kwa njia zote tatu: gesi ya oksijeni na asetilini, argoni (wengine huiita TIG), yaani cheche ya umeme kwenye ncha ya tangsteni ikikingwa na gesi ya argoni, na CO2 ya gereji, yaani MIG. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza na hajui pesa yake aiweke wapi. Mizani yangu imeinama upande wa gesi. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha.

Kinachochomelewa

Ndege ninazozungumzia ni zile ambazo kiunzi cha mwili ni mabomba ya chuma, kisha juu yake hufunikwa kitambaa: Pitts, Skybolt, Tailwind, Bearhawk na jamaa zao. Mtu hununua michoro na mabomba, akajifungia bandani. Njia yenyewe ni ya kale. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Anthony Fokker, mwenye kiwanda cha ndege, alimtegemea Reinhold Platz, ambaye asili yake alikuwa mchomeleaji, na ndege za Fokker Dr.I na D.VII zilikuwa na viunzi vya mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Piper Cub za miaka ya 1930 na 1940 ziliundwa kwa gesi. Na zile Super Cub zinazozunguka Tsavo kulinda tembo, ukibandua kitambaa chake utakuta mabomba ya namna hiyohiyo.

Hapa Marekani ndege ya kujiundia husajiliwa katika kundi la majaribio. Sharti kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi, ile watu wanayoiita kanuni ya asilimia 51, iwe imefanywa na watu wasio kiwanda, kwa kujifunza au kujiburudisha. Hakuna anayekudai cheti cha uchomeleaji. Jambo hilo linapendeza mpaka ukumbuke ni nani atakayekaa kwenye kile kiti.

Chuma kinaitwa 4130, au kwa mazoea kromoli, kwa kuwa kina kromiamu kama asilimia 1 na molibdenamu kama asilimia 0.2. Kaboni ni karibu asilimia 0.3, na hapo ndipo pa kutazama. Chuma chenye kaboni kiasi hicho ukikipasha hadi kiwe chekundu sana kisha kikapoa ghafla, kinakuwa kigumu na rahisi kuvunjika, kama tupa iliyoanguka sakafuni. Kikipoa polepole kinabaki na mnyumbuko wake. Kwa hiyo uzuri wa mshono hautoshi kulinganishia. Tazama kila njia inaingizaje joto, na joto hilo linaondokaje. Na kwa njia yoyote utakayoshika, kiungo usikitie maji, usikipulizie hewa, wala usifanye kazi huku mlango wa banda uko wazi siku ya baridi.

Gesi

Moto wa oksijeni na asetilini unafika kama nyuzi 3,100 za Selsiasi, na kromoli inayeyuka karibu na 1,430. Ni tofauti kubwa, lakini moto wa gesi umetawanyika, haukukusanyika pamoja kama cheche ya umeme, hivyo chuma huchukua sekunde kadhaa kabla hakijalainika. Sekunde hizo ndizo shule yenyewe.

Kuuweka moto sawa ni nusu ya kazi. Fungua asetilini kidogo, washa, ongeza mpaka masizi yakome. Kisha leta oksijeni taratibu. Utaona sehemu tatu: kiini cheupe kwenye nozeli, manyoya marefu yaliyopauka yanayokizunguka, na ala ya buluu kwa nje. Endelea kuongeza oksijeni mpaka yale manyoya yarudi nyuma na kumezwa na kiini, nacho kibaki na ncha ya mviringo. Simama hapohapo. Ukizidisha, kiini kinachongoka, moto unavuma kwa hasira, na chuma kinatoa cheche na povu: unakiunguza. Ukipunguza, manyoya yanarudi na unakilisha chuma kaboni kisichoihitaji. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huweka moto vizuri, akazama kazini, akasahau kwamba moto huhama wenyewe nozeli ikipata moto. Kila baada ya viungo viwili vitatu, inua macho uutazame tena.

Nozeli iwe ndogo, namba 00, 0 au 1 kutegemea mtengenezaji, na presha PSI 3 hadi 5 kwa mitungi yote miwili. Shika tochi ili ncha ya kiini iwe milimita 2 au 3 juu ya chuma, ikielekea unakokwenda. Sasa tazama. Chuma kinakuwa buluu, kisha chekundu, kisha rangi ya chungwa, halafu uso wake unalowa, unameremeta kama saruji iliyopigwa maji. Kidimbwi kinajifungua, upana wake kama mara tatu ya unene wa ukuta wa bomba. Kuanzia hapo muda wako ni wa kupepesa macho. Ukichelewa, katikati ya kidimbwi panabonyea, panang'aa kuliko pembeni, na tundu linafunguka. Lakini ukichovya rodi kwenye ukingo wa mbele, kidimbwi kinapoa kidogo kwa sababu kimepewa kazi ya kuyeyusha kitu kingine, nawe unapata nafasi ya kusogea mbele. Rodi mimi naitumia kama breki. Ukiigusisha nozeli kwenye kidimbwi, inapiga "pap!" na chuma kilichoyeyuka chote kinakurukia. Utavaa shati la pamba lenye mikono mirefu kuanzia siku hiyo.

Rodi ya kawaida kwa kazi hii ni RG45 ya milimita 1.6. Waya wa kufungia nondo uache huko ujenzi. Gereji niliutumia, simfichi mtu, lakini ubavu wa gari haupandi angani.

Faida ya gesi kwa kromoli ni kwamba inapasha eneo pana kuzunguka mshono, na eneo pana hupoa bila haraka. Inavumilia pia ufundi mbovu wa tupa, ile ya kuchongea mdomo wa bomba ili ukae juu ya bomba jingine: mwanya mdogo kati ya mabomba unaweza kuuziba kwa rodi na subira. Haihitaji umeme. Miwani yake ni ya namba 5 tu, hivyo unaona mkono wako, rodi yako na bomba la jirani, wakati nyuma ya kioo cheusi cha umeme unaona nukta moja ya mwanga na giza tupu. Tena tochi hiyohiyo inakupindia chuma, inakulainishia bomba lililobanwa vibaya, inakufungulia nati iliyoshikwa na kutu.

Ubaya wake nao ni joto hilohilo. Kiunzi kinavutwa. Bomba refu la ubavuni linaweza kuinama kuelekea ulikoanza kuchomelea, na ukija kupima mkia unakuta umeenda upande. Dawa ni kukifunga kiunzi kwenye meza, kukishikiza chote kwa nukta kwanza, kisha kuchomelea kwa kurukaruka, huku kidogo na kule kidogo, bila kumaliza upande mmoja. Na pale mabomba matano au sita yanapokutana mahali pamoja, moto unajipiga kwenye kona na kukurudia, nozeli inapata joto na kuanza kupopoka, na ile nukta uliyoishikiza jana inayeyuka mbele ya macho yako.

Halafu kuna mitungi. Asetilini haitakiwi kupita PSI 15 kwenye mpira. Ikipita hapo inaweza kulipuka yenyewe bila hata kukutana na oksijeni. Ndani ya mtungi wake imeyeyushwa kwenye asetoni, ndiyo maana mtungi husimama wima, haulazwi. Usiiunganishe kwa bomba la shaba nyekundu, kwa kuwa huzaa mchanganyiko unaolipuka. Mafuta na grisi zisiisogelee oksijeni, hata alama ya kidole kwenye regyuleta. Na vile vifaa vya kuzuia moto kurudi mtungini, nunua kabla ya kununua rodi.

Argoni

Kama ungeniuliza ni njia ipi inayotoa kiungo safi zaidi kwenye mkono wa fundi aliyekomaa, ningesema argoni bila kigugumizi. Joto limekusanyika kwenye ncha ya tangsteni, kiunzi hakivutwi sana, hakuna masizi, na kwenye ile kona ya mabomba sita unaweza kuyeyusha kiungo kimoja bila kusumbua jirani zake. Wajenzi wengi wa sasa wamehamia huko.

Kipimo cha kuanzia ni ampea moja kwa kila sehemu moja ya elfu ya inchi. Michoro ya Kimarekani huandika unene wa ukuta kwa inchi, 0.035, 0.049 au 0.065, kwa hiyo bomba la 0.035 linaanzia kwenye ampea 35. Gesi ni argoni tupu, rodi ER70S-2. Lakini angalia viungo vya mwili vinavyoitwa kazini: mkono wa kulia tochi, wa kushoto rodi, mguu kwenye pedali ya kupandisha na kushusha ampea, shingo imepinda ili uone. Kwenye meza unaweza. Ukiwa umelala chini ya kiunzi, goti limekandamiza sakafu na pedali iko usikoifikia, ni habari nyingine. Tangsteni ikigusa kidimbwi, umeichafua. Simama, inoe, anza tena. Siku za mwanzo nilinoa zaidi ya nilivyochomelea.

Argoni haisamehe. Bomba lazima liwe limekwanguliwa mpaka ling'ae, kutu na mafuta vitoke hata kwa ndani karibu na ukingo, na mdomo wa bomba uliochongwa kwa tupa ukae juu ya bomba jingine bila kupitisha mwanga. Upepo mdogo wa feni unaipeperusha argoni na mshono unageuka sifongo. Kuhusu kupoa, eneo lililopashwa ni jembamba na linapoa haraka kuliko la gesi, na hapo wajenzi hubishana: upashe tena kiungo kwa gesi baadaye au uache? Kwa kuta hizi nyembamba, chini ya milimita 3, mimi nipo na wanaoacha. Kupasha kwa kukisia rangi kwa macho kunaweza kuharibu kilichokuwa salama.

Kwa bei, mashine ya argoni yenye pedali nzuri na mtungi wake kwa kawaida hugharimu zaidi ya seti ndogo ya gesi. Mashine za bei nafuu zimejaa siku hizi, ila nyingi hazitulii kwenye ampea za chini, na ampea za chini ndizo unazozitaka.

CO2

Nitakuwa mfupi. CO2 ni nzuri, viwanda vingine vya ndege vimeitumia, vyenye mashine zilizopimwa na watu wanaochomelea kiungo kilekile mara mia. Kwa mwanafunzi mwenye bomba la 0.9 ni mtego. Waya unaanza kumiminika papo hapo, kabla chuma cha chini hakijayeyuka, kwa hiyo sentimita ya kwanza ya mshono mara nyingi haijashika. Na kwenye ndege mishono ni mifupi: ukizunguka bomba la inchi moja, umeshaanza na kusimama mara nne. Kwa gesi au argoni unasubiri kidimbwi ndipo ulete rodi. Kwa CO2 vyote vinakuja pamoja, na macho hayana namna ya kujua. Kile kiungo changu cha kwanza kilipendeza kweli.

Wapo wanaoshikiza kwa CO2 na kumalizia kwa gesi. Inawezekana, mradi kila kishikizo kiyeyushwe chote upya.

Kuhusu kuunga kwa shaba, ambako mafundi wa bodi wa zamani tumekuzoea: viungo vinavyobeba mzigo wa ndege havifanywi hivyo. Na mahali palipowahi kuungwa kwa shaba usipachomelee baadaye. Shaba hupenya ndani ya chuma chenye moto na kukipasua.

Ufanyie mazoezi nini?

Swali hili linawapotezea watu pesa kuliko swali la mashine. Kromoli si ya bei rahisi, kwa hiyo anza na bati la kawaida lisilopakwa kitu, milimita 0.9 au 1. Saa za kwanza usishike rodi kabisa. Tembeza kidimbwi kutoka ukingo huu hadi ule, mstari baada ya mstari, hadi mistari kumi ifuatane kwa upana mmoja bila tundu. Geuza bati: kama mistari haionekani mgongoni, ulikwenda mbio, kama imening'inia matone, ulilala. Kisha ongeza rodi, kisha unga bati mbili ukingo kwa ukingo, ndipo uende kwenye mabomba.

Mabomba ya fanicha ya duara yanafaa, na vipande vya fremu za baiskeli vilivyoondolewa rangi vinafaa zaidi. Mabomba yaliyopakwa zinki, ya maji au ya kupitishia nyaya, usiyaguse: moshi wake mweupe unakuletea homa ya usiku kucha, na mshono hauna thamani. Ukishaunga T kumi za chuma laini zinazofaulu, nunua mabaki ya kromoli. Wauzaji wa vifaa vya ndege huuza vipande vifupi kwa ajili hii. Utagundua kromoli ina tabia nzuri zaidi, kidimbwi chake kimetulia, na utajiona umepanda cheo ghafla.

Kufaulu kunapimwa hivi. Kata kiungo katikati kwa urefu utazame ndani: ule mstari wa maungio uwe umetoweka, na ukuta wa ndani uonyeshe rangi na kifua kidogo cha mshono, bila matone marefu. Kiungo kingine kibane kwenye jiliwa, ingiza bomba refu zaidi kama nyenzo, upinde mpaka kiharibike. Bomba likikunjamana pembeni ya mshono, umefaulu. Mshono ukibanduka, rudi kwenye bati. Toboa pia katundu kadogo kwenye bomba lililozibwa pande zote, maana hewa ya ndani ikipata joto itatokea kwenye tone lako la mwisho na kulilipua kila unapojaribu kulifunga.

Kwa mwalimu au peke yako?

Kwa gesi, peke yako inawezekana, kwa sababu kila kitu kinatokea taratibu na unaona kosa likizaliwa. Kwa argoni, mwalimu wa siku mbili anakuokolea miezi. Chama cha wajenzi, EAA, kilichoanzishwa 1953 kule Milwaukee, huendesha mafunzo ya wikendi ya gesi na ya argoni, na kwenye maonyesho yake ya Oshkosh kila Julai kuna banda ambapo unashika tochi mwenyewe. Washauri wake wa ufundi huja hadi nyumbani kutazama kiunzi kabla hakijafunikwa.

Kama uko Dar, Nairobi au Kampala, usidharau fundi gesi wa mtaani. Anajua kuweka moto sawa kuliko wengi niliowaona huku, na ukimlipa siku tatu za kukaa ubavuni mwake utatoka na macho ya kidimbwi. Ila akiwa anazalisha asetilini kwa pipa la kabaidi na maji, ile kabaidi wanayoivishia maembe, jifunze kwa macho tu. Pipa la kujitengenezea halina kinachoizuia presha wala moto usirudi.

Basi uchukue ipi

Hujawahi kuchomelea, bajeti ni ndogo, banda halina umeme wa kutosha: gesi, wala usisitesite. Umetoka gereji kama mimi, mkono umezoea kuvuta kichochezi cha CO2: gesi pia, tena wewe ndiye unayeihitaji zaidi, kwa sababu una mazoea ya kuondoa. Unachomelea argoni kazini kila siku: baki nayo, tumia muda wako kwenye tupa. Una pesa ya mashine nzuri na unapanga kuunda ndege zaidi ya moja: anza gesi miezi mitatu, kisha nunua argoni, maana kidimbwi ni kilekile na mkono utakuwa umeshakijua. CO2 itakufaa kuundia meza ya kazi na toroli la kubebea mitungi.

Kiungo changu cha kwanza ambacho mzee alikikata na asiseme "tena" kilikuwa cha 37. Alikiandika namba kwa chaki, akakiweka chini ya mlango wa banda ili upepo usiufunge, na hadi leo kipo palepale.